Kuhesabu kalori za chakula cha mchana unapokula kwa mama ntilie na mgahawani: mwongozo kamili

Sahani ya wali, maharage na nyama inayouzwa mchana karibu na ofisi yoyote ya Dar es Salaam inaweza kuwa na kalori 700. Inaweza pia kuwa na 1,300, na kwa macho ukaiona ni ileile. Tofauti hiyo inatoka sehemu mbili: wingi wa wali au ugali uliopakuliwa, na mafuta yaliyojificha kwenye mchuzi na kwenye wali wenyewe. Mchicha wa kuchemsha, kachumbari, limao na pilipili havina la kubadilisha. Ukikosea kiasi chake kwa nusu nzima, umekosea kalori kumi au ishirini. Kwa hiyo pima wanga na mafuta kwa makini, nyama ikadirie kwa wastani, na vilivyobaki viandike haraka bila kujisumbua.

Kazi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu watu wengi hula mchana sehemu mbili au tatu zilezile, na vyakula vyenyewe havizidi sita. Ukivipima hivyo mara chache nyumbani, unapata jedwali lako mwenyewe, na hilo litakuwa sahihi kuliko programu yoyote ya simu. Waliotengeneza programu hawajui mkono wa mpishi wako.

Vifaa na takwimu

Unahitaji mizani ya kidijitali ya jikoni inayobeba hadi kilo 5 na kuonyesha gramu moja moja, kijiko cha kupimia cha mililita 15 (hapa kinaitwa kijiko cha chakula) na kingine cha mililita 5 (kijiko cha chai), glasi moja nyembamba inayoonyesha, na daftari au simu. Usitumie kijiko cha kulia badala ya kijiko cha kupimia: vingine vinachukua mililita 10, vingine 18, na kwenye mafuta tofauti hiyo ni kalori 60 na ushee.

Kalori zinazotajwa hapa ni kilokalori, zile zinazoandikwa kcal kwenye pakiti. Pakiti ikionyesha kJ (kilojuli) peke yake, gawanya kwa 4.2. Gramu moja ya wanga au protini hutoa kalori 4, ya kilevi 7, ya mafuta 9. Kijiko cha chakula cha mafuta ya kupikia, yawe ya alizeti, mawese au nazi, kina kalori 120. Hiyo 120 ikariri, utaitumia kila siku.

Kwa vyakula vyetu, anzia kwenye majedwali ya lishe ya hapa kwetu. Tanzania ina jedwali la mwaka 2008 lililotolewa na Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na chuo cha Harvard. Kenya ilitoa la kwake mwaka 2018 kwa kushirikiana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, likiwa na kitabu cha mapishi ya Kikenya yaliyokwisha kupigiwa hesabu. Kwa nyama, mayai na matunda, hazina ya Marekani iitwayo FoodData Central inatosha.

Programu kama MyFitnessPal ni nzuri kwa kutunza kumbukumbu, lakini maingizo mengi huwekwa na watumiaji wenyewe. Andika "ugali" na utaletewa majibu yanayopishana mara tatu. Ukiona ugali una kalori 360 kwa gramu 100, huo ni unga mkavu. Uliopikwa hauwezi kufika hapo. Ukiona wali mweupe una 365, huo ni mchele. Chagua ingizo linalokaribiana na takwimu utakazozikuta hapa chini, au tengeneza lako ulipe jina la mahali: "wali wa mama wa getini".

Hatua ya 1: Panga kiasi cha mchana kabla ya kwenda kula

Amua mapema mchana una nafasi ya kalori ngapi. Mtu mwenye lengo la 2,000 kwa siku anaweza kutenga 700 mchana, akibakiza nafasi ya chai ya asubuhi, chakula cha usiku na vitafunwa. Ukiisubiri sahani ije ndipo uanze kupiga hesabu, utakula kwanza.

Mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, na aliyewahi kupata matatizo ya kujinyima chakula, asianze kupunguza kwa mwongozo wa mtandaoni. Aonane kwanza na daktari au mtaalamu wa lishe.

Hatua ya 2: Fungasha, kapime nyumbani

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Chagua chakula unachokula mara nyingi. Siku moja, badala ya kukaa pale, sema: "Mama, leo nifungie." Sharti ni kwamba akupakulie kama anavyokupakulia siku zote, usimwambie unakwenda kupima, maana ataongeza au atapunguza. Mwombe mchuzi auweke kwenye kimfuko au kikopo chake.

Ukifika nyumbani:

1. Weka bakuli tupu juu ya mizani, bonyeza kitufe kilichoandikwa TARE ili isome sifuri.
2. Hamishia wali au ugali peke yake. Andika gramu.
3. Rudisha sifuri, weka maharage pamoja na mchuzi wake. Andika.
4. Fanya hivyo kwa nyama, samaki, na mboga. Nyama yenye mfupa au samaki mzima pima kama alivyo, kula, kisha pima mifupa na miiba utoe.
5. Mchuzi mimina kwenye ile glasi nyembamba. Hatua ya 3 inauhusu.

Rudia siku mbili nyingine, ikiwezekana mara moja akipakua msaidizi wake. Mikono haifanani. Ukipata wali gramu 340, 410 na 375, andika wastani wa 375 na ndiyo itakuwa sahani yako ya kila siku. Zikipishana kwa zaidi ya gramu 150, hapo mahali hapana kipimo, na utalazimika kukadiria kila siku kwa ngumi kama ilivyo kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 3: Yatafute mafuta

Mchuzi ulioumimina kwenye glasi uache utulie dakika 20, kisha uweke kwenye friji saa mbili hadi tatu. Mafuta ya kuganda yatafanya tabaka jeupe juu ambalo unaweza kulitoa kwa kijiko kama lilivyo na kulipima. Alizeti haitaganda, lakini itaelea, na mpaka kati yake na mchuzi unaonekana vizuri kupitia glasi. Ikombe polepole kwa kijiko cha kupimia na uhesabu vijiko. Kila gramu ya tabaka hilo ihesabu kalori 9. Mchuzi uliobaki chini, kama hauna nazi wala karanga, ni nyanya, kitunguu na maji: upawa mzima hauzidi kalori 30.

Mchuzi wa nazi hautengani wote kwa sababu tui na mafuta yake vimeshikana. Huo ukadirie: tui zito la kwanza lina kalori kama 200 kwa mililita 100, tui jepesi la pili lina kalori pungufu ya hapo, na mchuzi wa kawaida wa samaki wa nazi uuandike 80 hadi 120 kwa mililita 100 kulingana na uzito wake mdomoni. Mboga za karanga nazo zina hesabu yake: kijiko cha chakula cha karanga zilizosagwa kina kalori kama 95.

Mchuzi wa mama ntilie mara nyingi utakupa kijiko kimoja hadi viwili vya mafuta kwa sahani, na sahani ya mboga ya kuunga nusu kijiko hadi kimoja. Ukiona mafuta mekundu yameganda pembeni mwa sahani ya melamini baada ya kula, jua ulichokila kilikuwa zaidi ya hicho kilichobaki.

Hatua ya 4: Muulize mpishi hesabu ya sufuria

Mteja wa kila siku hanyimwi jibu. Uliza wakati hana foleni, kuanzia saa tisa alasiri: "Samahani mama, huu wali unapika kilo ngapi? Mafuta unaweka kiasi gani? Unatoa sahani ngapi?" Majibu matatu yanatosha.

Tuchukue kilo 5 za mchele na nusu lita ya mafuta, zikatoka sahani 35. Mchele mkavu una kama kalori 3,600 kwa kilo, kwa hiyo kilo 5 ni 18,000. Nusu lita ya mafuta ni gramu 460, yaani karibu 4,100. Jumla 22,100, gawanya kwa 35, kila sahani ina 630 kabla ya mboga. Kilo 5 za mchele hutoa wali wa kilo 13 hadi 14, kwa hiyo gramu 100 za wali huo zina kama 164. Wali mweupe usiotiwa mafuta una 130. Hiyo tofauti ya 34 kwa kila gramu 100 ndiyo isiyoonekana, na kwenye sahani ya gramu 380 ni kama kalori 130.

Wali wa nazi hauko mbali na hapo, kati ya 160 na 180 kwa gramu 100 kama nazi ni moja kwa kila kilo. Zikiwa mbili kwa kilo, andika 195.

Ugali ni rahisi zaidi maana hauna mafuta. Kilo ya unga ina kama kalori 3,600 na hutoa ugali wa kilo tatu hivi, kwa hiyo gramu 100 ni 120. Uliosongwa ukawa mgumu sana utafika 140, na laini utashuka hadi 110. Uliza tu kilo inatoa sahani ngapi: sita ni 600 kila moja, nane ni 450. Vijiwe vya wabeba mizigo na mafundi hutoa nne, na hapo bonge moja lina kalori 900 kabla hujagusa dagaa.

Chapati nazo zihesabu kwa kilo ya ngano. Zikitoka 15, kila moja ina unga wa gramu 67, sawa na kalori 240, na mafuta ya kukandia na kukaangia huongeza 60 hadi 90. Andika 310. Chapati mbili za supu ya mchana ni 620, nayo supu yenyewe, ukitoa mafuta yanayoelea juu, huwa na kalori chache kuliko chapati moja.

Hatua ya 5: Pima ngumi yako

Mezani huna mizani. Una mkono, ila mkono wako haulingani na wa mtu aliyechora zile picha za mtandaoni za "ngumi ni kikombe kimoja". Upime hivi: weka bakuli kubwa lenye maji juu ya mizani, rudisha sifuri, kunja ngumi uizamishe hadi kwenye kifundo cha mkono bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayosomeka, kwa gramu, ndiyo ujazo wa ngumi yako kwa mililita. Wengi hupata kati ya 230 na 400.

Wali ukipakuliwa bila kushindiliwa una kama gramu 75 kwa mililita 100. Ngumi ya mililita 300 ni wali wa gramu 225, kama kalori 360 ukiwa wa mafuta. Ugali umeshikana na ni mzito kuliko maji kidogo, kwa hiyo ngumi hiyohiyo ni gramu 320 na zaidi, karibu kalori 400. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Ugali kwa gramu una kalori chache kuliko wali, lakini bonge lake kwa macho huonekana dogo.

Kiganja bila vidole, kwa unene wake, ni nyama iliyoiva ya gramu 90 hadi 120. Kidole gumba kizima ni kijiko cha chakula hivi, na ncha yake ni kijiko cha chai.

Hatua ya 6: Mezani, kabla ya tonge la kwanza

Piga picha ya sahani kwa pembeni juu, si wima kabisa. Ukipiga kutoka juu moja kwa moja hutaona kimo cha wali. Weka kadi ya benki kando yake, maana kadi zote zina urefu wa sentimita 8.56 na ukiangalia picha jioni utapata kipimo. Andika hapohapo, hata kwa ufupi: "wali ngumi 1.5, maharage upawa, nyama vipande 3, mafuta vijiko 1.5, soda."

Ukibakisha, andika ulichobakisha kwa jina. Kosa lililoenea ni kuacha nusu ya wali, kumaliza mchuzi wote na nyama, kisha kuandika "nusu sahani". Hapo umeacha kalori 280 tu kati ya 1,100, na umejiandikia punguzo la 550.

Huu hapa mfano wa sahani moja kwa ukamilifu. Wali wa mafuta gramu 350: 560. Maharage upawa mmoja na mchuzi wake, gramu 150: 165. Nyama ya ng'ombe vipande vitatu, gramu 75: 165. Mchuzi wa nyama wenye kijiko cha mafuta: 130. Mchicha wa kuunga: 60. Ndizi mbivu ya kushushia: 95. Jumla 1,175. Soda ya chupa ya mililita 350 inaongeza 147, na umefika 1,320.

Sasa ibadilishe bila kuhama kijiwe: "Mama, naomba wali nusu, maharage ongeza, mchuzi kidogo tu." Wali gramu 175 ni 280, maharage gramu 220 ni 240, nyama ileile 165, mchuzi wa kijiko cha chai cha mafuta 50, mchicha 60, ndizi 95, maji badala ya soda. Jumla 890. Bei huenda isipungue, na usibishane nayo. Omba nyongeza ya maharage au mboga badala ya punguzo. Maharage yanashibisha kuliko wali ulioupunguza, na mpishi haoni kwamba anakupa bure. Ukiacha na ile ndizi, uko chini ya 800.

Vyakula vinavyowasumbua watu

Chipsi. Gramu 100 zina kalori 280 hadi 310, na hapo mafuta yamo tayari, usiyaongeze tena. Chipsi nene hunyonya mafuta pungufu kwa gramu kuliko nyembamba kavu, lakini sahani zake huwa kubwa, gramu 250 hadi 300. Chipsi mayai ya mayai mawili: chipsi gramu 200 ni 600, mayai 145, mafuta mapya ya kwenye kikaango kijiko kimoja na nusu ni 180. Jumla 925. Ukiongeza mayonizi, kijiko cha chakula ni 90 hadi 100. Tomato sosi ni 20 tu.

Dagaa wa kukaanga. Gramu 35 za dagaa wakavu zina kama kalori 115, nayo mafuta ya kukaangia na rosti vijiko viwili ni 240. Unakula mafuta zaidi ya dagaa. Wa kuchemsha na limao kisha wakaungwa kidogo wanashusha hesabu hiyo hadi 180 hivi.

Samaki wa kukaanga. Sato wa sahani akitolewa miiba na kichwa hubaki na nyama ya gramu 150, kalori 300. Akirudishwa kwenye mchuzi wa nazi, andika vyote viwili.

Kuku robo wa kukaanga. Toa mifupa, inabaki nyama na ngozi ya gramu 130 hadi 170, kwa 250 kila gramu 100. Wa kuchoma asiye na ngozi ni 180 hadi 190.

Nyama choma. Kilo unayoagiza ni ya nyama mbichi yenye mfupa. Ikishachomwa inapoteza maji na mafuta, ukitoa mfupa unabaki na karibu nusu. Kwa hiyo nusu kilo ya mbuzi ni nyama ya kuliwa ya gramu 250. Mbuzi asiye na mafuta ana kalori 143 tu kwa gramu 100; penye mafuta yanayoonekana andika 200 na kuendelea. Ng'ombe wa mbavu ni 250 au zaidi. Nusu kilo ya mbuzi ni 360 hadi 500, na kinachoharibu hesabu mara nyingi ni ndizi za kukaanga na chupa zinazoandamana nayo. Bia ya mililita 500 ina kama 210.

Pilau, uandike 180 hadi 220 kwa gramu 100 na nyama yake ihesabu kando. Biriani ya Ijumaa ni ngumu kuliko zote, kwa sababu vitunguu vimekaangwa kwenye mafuta mengi kisha vikasagika ndani ya masala. Wali pima kwa ngumi, masala andika 200 kwa kila upawa wa mililita 100, usitafute usahihi zaidi ya huo.

Makande yenye nazi ni 130 hadi 160 kwa gramu 100. Ndizi za kupika, bila mchuzi, 120.

Kwenye vibanda vya Nairobi au Mombasa hesabu ni ileile. Chapo mbili na madondo ni 620 ya chapati pamoja na maharage, na sukuma wiki ikikaangwa vizuri hubeba kijiko kizima cha mafuta kwa sahani, kwa sababu majani hunyonya.

Vinywaji

Soda ya kawaida ina kalori 42 hivi kwa mililita 100: chupa ya mililita 300 ni 126, ya 350 ni 147, ya plastiki ya 500 ni 210. Juisi ya ukwaju au rosela ya kibandani iandike kama soda, maana utamu wake ni sukari. Juisi ya parachichi ni habari nyingine: nusu parachichi lenye gramu 100 ni 160, ongeza maziwa na sukari, glasi kubwa inafika 300. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni 16, kilichojaa hadi kilele ni 25, na wengi hutumia cha kilele wakaandika cha kusawazishwa.

Bafe, hoteli na mikahawa ya mnyororo

Kwenye bafe, zunguka mara moja mikono mitupu uone vyote. Chukua sahani, mboga na nyama kwanza, wanga mwisho. Hesabu miko: mwiko wa wali uliojaa kwenye bafe nyingi ni gramu 80 hadi 100, na upawa wa mchuzi mililita 100 hadi 120. Sambusa moja ya nyama iandike 130.

Mgahawa wa mnyororo wa kimataifa, yaani wenye matawi mengi kwa jina moja, huwa na takwimu kwenye tovuti yake. Tumia za nchi uliyopo kama zipo, kwa sababu ukubwa wa vipande na vinywaji hutofautiana nchi na nchi. Walioko Marekani wamerahisishiwa tangu 7 Mei 2018, pale migahawa yenye matawi 20 au zaidi ilipotakiwa kuandika kalori kwenye orodha ya vyakula. Uingereza, upande wa England, ilifuata 6 Aprili 2022 kwa biashara zenye wafanyakazi 250 au zaidi. Hata hivyo orodha si mizani. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la kitabibu la JAMA mwaka 2011 ulipima vyakula vya migahawa 42 ya Marekani ukakuta kwamba kwa wastani takwimu zilikuwa sawa, lakini karibu kimoja kati ya vitano kilizidi kilichoandikwa kwa kalori 100 au zaidi.

Wala usidhani chakula cha mgahawa wa kukaa ni chepesi kuliko cha vibandani. Jarida jingine la kitabibu, BMJ, mwaka 2018 lilitoa vipimo vya maabara vya milo ya migahawa kutoka nchi sita, Ghana ikiwa nchi pekee ya Afrika, na milo ya migahawa ya kuhudumiwa ilikuwa na wastani wa kalori 1,317 dhidi ya 809 za vyakula vya haraka. Sahani pana na sosi nyingi ndizo zinazopandisha.

Hatua ya 7: Sahihisha kwa uzito wako

Makisio yote haya yana kosa, na kosa lake huelekea upande mmoja: tunaandika pungufu. Njia ya kulijua ni mwili wenyewe. Jipime kila asubuhi baada ya msalani, kabla ya kunywa chochote, na uchukue wastani wa wiki. Usilinganishe siku na siku. Mchuzi wenye chumvi nyingi wa jana unaweza kukupa kilo nzima ya maji, na kwa wanawake siku za hedhi hufanya vivyo hivyo.

Baada ya wiki tatu piga hesabu. Tuseme kwenye daftari ulikuwa unakula pungufu ya mahitaji kwa kalori 500 kwa siku. Siku 21 ni 10,500. Kilo moja ya mwili inakadiriwa kuwa na kalori 7,700, kwa hiyo ulitarajia kupungua kilo 1.4. Umepungua nusu kilo tu, yaani 3,850. Zimepotea 6,650, ambazo ukizigawa kwa 21 ni 317 kwa siku. Inawezekana makadirio ya mahitaji yako ndiyo yalikuwa makubwa, lakini dawa ni moja: kuna kalori 300 za kupunguza au za kuanza kuziandika.

Kabla ya kuulaumu mchana, kagua maandazi ya saa nne, sukari ya chai, na kuonja jikoni jioni. Hivyo vyote vikiwa vimeandikwa sawasawa na mchana ndio mlo pekee unaokadiriwa, basi sahani uliyoiandika 700 ichukulie kuwa 1,000 kuanzia kesho, na urudie kupima wiki tatu nyingine.

Mpishi akibadilika, aina ya mafuta ikibadilika au kijiwe kikihamia sahani mpya, rudi hatua ya 2 na ufungashe tena. Mwezi wa Ramadhani, kijiwe kikifungwa mchana na kuuza futari, jedwali la zamani liweke pembeni: mihogo na magimbi ya nazi, na kaimati za shira zinahitaji kupimwa upya zenyewe.